Binti yuko kidato cha tatu na anataka kusomea umeme chuoni huku bado yuko shule. Wenzangu mmefanyaje?

mama_viazi_Uyole

Habari zenu wana Nyanda za Juu Kusini, na ninyi mlio mbali. Wakubwa zangu shikamooni.

Nauza viazi hapa Uyole, si mbali na njia panda ya Tukuyu, huu mwaka wa kumi na moja. Nina binti wa miaka 16, yuko kidato cha tatu shule ya kata, kutwa. Maelezo yangu marefu kidogo, naomba mnivumilie, maana nikiyafupisha mtanijibu kitu ambacho sijauliza.

Mwaka jana tulivuta umeme. Fundi alifanya kazi siku nne, na siku zote nne huyu mtoto alikuwa nyuma yake. Alimshikia tochi darini, akamhesabia klipu, akamuuliza kwa nini waya wa taa ni mwembamba na wa soketi ni mnene. Fundi mwenyewe mtu mpole, hakuacha swali bila jibu. Alipoondoka akamwachia kipande cha waya na soketi moja iliyopasuka, basi mtoto akawa anaifunga na kuifungua kila jioni mpaka skrubu zikalika. Mwezi wa nne ekstensheni ya jirani iliungua. Akaifungua mezani kwangu, akakuta waya mmoja umeungua pale unapoingia kwenye skrubu, akaukata, akaumenya upya, akaufunga. Ikafanya kazi. Usiku ule sikulala vizuri kwa hofu, na pia nilifurahi, siwezi kuwadanganya.

Sasa anataka kusoma umeme. Si baada ya shule. Sasa hivi. Aliyewasha huu moto ni mdogo wangu aliyeko Minnesota, Marekani. Alipiga simu akasema mwanawe yuko bado sekondari, lakini Jumanne na Alhamisi anapanda basi anakwenda chuo, anakaa darasa moja na watu wazima, na somo analofaulu kule linahesabiwa shuleni kwake na chuoni pia. Simu ilikuwa kwenye spika. Tangu siku hiyo kila nikiwasha jiko naulizwa, “Mama, kwa nini mimi nisiweze?”

Sijapata jibu la kumpa. Ndiyo maana nimekuja hapa.

Hali yake iko hivi. Anatoka nyumbani saa 12 kasoro asubuhi, na mwezi wa sita hapa Uyole mnaijua baridi yake. Anatembea dakika 50. Anarudi saa 11 jioni, anachota maji, anapika, anasoma mpaka saa 4 usiku. Mtihani wa mwisho alipata Fizikia B, Kiswahili A, Kiingereza C, na Hesabu D. Hiyo D inaniuma. Mwalimu wake anasema aljebra haijamkaa tangu kidato cha kwanza, anabahatisha.

Nimekwenda chuo kimoja cha binafsi hapa mjini, sitakitaja. Dada wa mapokezi akasema hata kesho aje, Jumamosi na Jumapili, miezi 3, shilingi 350,000, na mwisho atapata cheti cha serikali. Nikamuuliza cheti hicho kinatolewa na nani serikalini. Akanijibu, “Mama, usiwe na wasiwasi.” Mimi gunia moja la viazi likinipa faida ya elfu saba nimeshukuru. Hesabuni wenyewe ni magunia mangapi hayo. Wasiwasi lazima niwe nao.

Shuleni nako nimeuliza. Nikaambiwa mwanafunzi ni mwanafunzi, mazungumzo yakaishia hapo.

Naomba aliyewahi kupita njia hii, au aliyefundisha, anieleze. Inawezekana mtoto akasoma fani chuoni akiwa bado shule? Cheti chake kitakuwa na kazi gani? Na hiyo D nifanyeje, nimkatalie mpaka ipande?

---

fundi_mstaafu_Mbalizi

Marahaba, mama. Nimefundisha umeme wa majumbani miaka 22 kabla sijastaafu, kwa hiyo nitakujibu kama ningemjibu mzazi aliyekaa mbele ya meza yangu.

Kwanza tenganisha vitu viwili, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapoteza pesa. Kuna kozi ndefu na kuna kozi fupi. Kozi ndefu ya VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, huanza Januari, ni ya kila siku kutwa nzima, na mwisho wake kuna mtihani wa kitaifa unaompa kijana tuzo ya ufundi stadi, ile tunayoiita NVA, hatua ya kwanza mpaka ya tatu. Sisi wa zamani tuna majaribio ya ufundi, daraja la tatu kupanda mpaka la kwanza. Kozi hiyo haichanganyiki na shule hata ufanyeje, kwa sababu saa ni zile zile. Ada yake kwenye vyuo vya VETA imekuwa 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, vifaa mbali. Linganisha na hiyo 350,000 ya wikiendi.

Kozi fupi ni nyingine. Ni wiki kadhaa au miezi michache, vyuo vingine vinafundisha jioni au mwisho wa wiki. Mwanafunzi akimaliza anapewa cheti cha chuo kuonyesha amesoma nini. Hicho si NVA. Si kibaya, ujuzi ni wake na hakuna atakayemnyang'anya, lakini mtu asikuuzie kwa jina ambalo si lake. Kwa hiyo rudi kwa yule dada wa mapokezi na maswali mawili: chuo kina namba gani ya usajili NACTVET, lile baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, na kozi hii inamfikisha kwenye tathmini ya NVA au inaishia kwenye cheti cha chuo? Mtu mkweli atakujibu kwa dakika moja akiwa na karatasi mkononi.

Kwa nini nasisitiza cheti kwenye umeme? Kwa sababu ushonaji unaweza kuanza kwa cherehani na mteja mmoja. Umeme wa nyumba una leseni. EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, ndiyo inayotoa leseni za ufungaji umeme kwa madaraja, na nyumba haiunganishwi mpaka mwenye leseni aweke mkono kwamba kazi iko salama. Fundi wako mpole, kama hana leseni, kuna mtu aliyesaini kwa niaba ya kazi yake. Muulize, hatakasirika.

Sasa hiyo D. Nakuomba umuulize binti swali moja: kwenye ile ekstensheni ya jirani, kulikuwa kumechomekwa nini? Waya hauungui pale kwenye skrubu kwa bahati mbaya. Ama skrubu ililegea, ama mzigo ulizidi. Ameurudishia vizuri, lakini hajajua kwa nini uliungua, na ukweli ni kwamba utaungua tena. Umeme wetu ni volti 230. Ukigawa wati kwa volti unapata ampea. Plagi ya pini tatu inabeba ampea 13, haizidi. Hiyo ndiyo aljebra yenyewe anayoikimbia darasani. Nimepokea vijana wenye mikono mizuri ajabu, wanakunja bomba kama wanakunja karatasi, wakafeli hatua ya pili kwa sababu hawawezi kutafuta herufi moja ukiwapa mbili. Iliniuma kila mwaka.

Usimkatalie mama. Ila usimlipie bado.

---

kijana_wa_Makambako

Kamwene mama. Mimi niliyafanya hayo yote mawili, la makosa na la sahihi, kwa hiyo soma yote mpaka mwisho.

Nikiwa kidato cha tatu nilijipeleka kwa fundi umeme pale Makambako, kila Jumamosi na Jumapili, bila ruhusa ya mtu. Mama alidhani niko masomo ya ziada. Nilikuwa narudi saa 2 usiku nimechoka mabega kwa kuchimba kuta kwa tindo. Jumatatu vipindi viwili vya kwanza nalala nikiwa nimekaa. Ilipofika likizo ya mwezi wa sita, kidato cha nne, wenzangu wakaingia kambi ya masomo, mimi nikaenda Wanging'ombe na fundi kufunga umeme kwenye nyumba tatu. Mtihani wa majaribio Kemia nilipata F. Baba hakunipiga, alikaa tu kimya mezani, na kile kimya nakikumbuka mpaka leo.

Nikaacha. Nikasoma miezi mitatu ile iliyobaki kama mtu anayekimbizwa, nikapata C ya Kemia, Fizikia B.

La sahihi lilikuja baada ya hapo. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Matokeo yanatoka Januari. Kidato cha tano kinaanza Julai. Mama, hesabu mwenyewe hapo katikati: ni zaidi ya miezi saba ambayo mtoto yuko nyumbani, hana sare, hana kengele. Mtaani kwetu wengi waliitumia kuzurura stendi, na wasichana wawili niliosoma nao walipata ujauzito kipindi hicho hicho. Mimi nikasoma kozi fupi ya umeme wa majumbani miezi mitatu, kisha nikakaa na fundi yule yule mpaka nilipoitwa shule. Nilichaguliwa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu. Nilikwenda bweni na testa, koleo na bisibisi mbili kwenye sanduku, na likizo zote za kidato cha tano na cha sita nilijinunulia madaftari na nauli mwenyewe.

Jambo moja tu ulijue mapema. Kozi ndefu huanza Januari, na wito wa kidato cha tano huja katikati ya mwaka. Akianza ndefu halafu akachaguliwa, itabidi aachie kimoja njiani. Rafiki yangu aliacha chuo mwezi wa saba akaenda kidato cha tano, hakupata NVA, na kombi aliyopangiwa hakuipenda. Mwaka mzima alikuwa mtu wa majuto. Kwa hiyo kabla matokeo hayajatoka mkae, mjue njia yake ni ipi: kidato cha tano, au chuo moja kwa moja. Kozi fupi haina shida hiyo, inaisha kabla ya Julai.

---

mama_viazi_Uyole

Kijana wangu wa Makambako, Mungu akubariki. Hiyo miezi saba sikuwahi kuihesabu. Kaka yake aliimaliza akiendesha bodaboda ya mtu, na mguu wake una chuma mpaka leo.

Mzee wangu wa Mbalizi, nimemuuliza. Akanyamaza, akaenda kwa jirani kuangalia. Nitawaambia.

---

ticha_hesabu_Iringa

Mama, nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nafundisha watoto kama wako kila siku, hapa Iringa mjini.

D ya kidato cha tatu isiyotibiwa ni F ya kidato cha nne. Nimeiona mara nyingi mno. Kidato cha nne kina mada zake mpya, na nyingi zinasimama juu ya yale ambayo hakuyaelewa. Na hesabu yake ikianguka, kombi za sayansi nazo zinafungwa, na baadhi ya vyuo vya kati vya ufundi vinaangalia Hesabu na Fizikia kabla hata ya kuangalia jina la mwombaji. Ukitaka afike MUST siku moja kusomea umeme kwa stashahada au shahada, kile chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya kilichoanza mwaka 1986 kikiitwa Chuo cha Ufundi Mbeya, mlango wake ni hesabu. Kwa hiyo Jumamosi zake ni za hesabu. Huo ndio msimamo wangu.

Lakini shule nayo imekosea kukujibu vile. Mwanafunzi ni mwanafunzi si jibu la kumpa mzazi. Walitakiwa kukuambia kwamba mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeweka mkondo wa amali ndani ya sekondari zenyewe, mtoto anasoma masomo ya kawaida pamoja na fani, katika shule moja, kwa ratiba moja. Ulianza na baadhi ya shule. Kwa binti yako aliye kidato cha tatu kuhamia huko katikati ni vigumu, lakini kama ana mdogo wake anayekaribia kidato cha kwanza, ulizia shule yenye amali kabla hamjapangiwa. Hicho ndicho kitu cha kwetu kinachofanana na cha mdogo wako wa Marekani.

Halafu watu wanavisahau vyuo vya maendeleo ya wananchi. Vilianza mwaka 1975 baada ya Mwalimu Nyerere kuona vyuo vya watu wazima vya Sweden. Hapo Mbeya mna Nzovwe, huku kwetu kuna Ilula upande wa Kilolo. Vinafundisha fani za mkono, vinapokea watu wa elimu tofauti tofauti, na vina mpango wa Elimu Haina Mwisho kwa wasichana waliokatishwa shule. Binti yako hajakatishwa, na asikatishwe. Nautaja mpango huo kwa ajili ya wale wasichana wawili wa Makambako, kama kuna mtu anayewafahamu wenzao.

---

mnyakyusa_baridini

Ugonile, dada. Mimi wa Tukuyu, niko Minnesota mwaka wa 14 sasa. Mwanangu amepita hiyo njia ya mtoto wa mdogo wako, kwa hiyo nikueleze ilivyo huku, ili binti yako asilie kwa kitu ambacho hajaambiwa upande wake wa pili.

Jimbo letu lilipitisha sheria hiyo mwaka 1985, inaitwa PSEO. Mwanafunzi wa shule ya umma wa darasa la 11 au la 12 anaweza kusoma chuo, masomo machache au siku nzima, na jimbo linalipa ada na vitabu. Sisi hatukulipa senti. Somo la chuo linahesabiwa pande zote mbili: krediti nne za muhula mmoja wa chuo zinahesabiwa shuleni kama somo la mwaka mzima. Wa darasa la 10 anaweza kuanza na somo moja tu la ufundi, awe amefaulu mtihani wa kusoma wa darasa la nane, na asipopata angalau C hapewi la pili. Mwanangu alianza hivyo, na uchomeleaji wa vyuma. Alikuwa akirudi na harufu ya moto kwenye koti na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu tuhamie. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Huku imekuwa rahisi kwa sababu ya historia. Chuo cha jamii cha kwanza kinachotajwa, cha Joliet kule Illinois, mwaka 1901 kilianza ndani ya sekondari ya mji, kama darasa la nyongeza, na wanafunzi 6. Shule na chuo vilizaliwa nyumba moja, kwa hiyo hawaoni ajabu mtoto akivuka ua. Kwetu VETA ilikuja kwa sheria ya mwaka 1994 ikiwa na nyumba yake, na shule ina nyumba yake. Si kosa la binti wala lako.

Sasa upande wa pili. Darasa la 11 mwanangu alichukua hesabu ya chuo, kwa sababu rafiki zake walichukua. Akapata D. Ile D haifutiki. Iko kwenye kumbukumbu zake za chuo maisha yake yote, na alipoomba chuo kikuu waliidai karatasi ile pamoja na zingine. Na nilipopiga simu chuoni kuuliza mwanangu anaendeleaje, nikaambiwa kumbukumbu za chuo ni zake yeye, kwa sheria ya mwaka 1974, hata kama ana miaka 16, mpaka asaini kuniruhusu. Nililia kwenye gari. Mama wa Tukuyu kuambiwa maendeleo ya mtoto wake si yake! Akasaini, mtoto mzuri, lakini muhula ulishakwisha.

Kwa hiyo mwambie binti: hata huku wanaofaidika ni waliokwenda na hesabu yao mkononi. Ndaga fijo kwa kuuliza, umenikumbusha mengi.

---

kijana_wa_Makambako

Ticha, nakubaliana nawe kuhusu Jumamosi. Ila usimwondolee mtoto bisibisi kabisa. Mimi ile miezi mitatu ya mwisho nilisoma kwa nguvu kwa sababu nilijua kuna kitu nakwenda kukifanya baadaye. Ungeniambia umeme basi, hata Kemia nisingeigusa.

---

ticha_hesabu_Iringa

Sawa, hapo umenipata. Basi abaki na bisibisi, na daftari la hesabu liwe kwenye mfuko ule ule.

---

mama_viazi_Uyole

Nimerudi, ni wiki ya tatu sasa. Nawashukuru wote, na nimefanya mliyoniambia.

Jumanne ile sikufungua biashara. Nikapanda daladala mpaka mjini, nikaenda kwanza VETA. Wakaniambia sawasawa na alivyosema mzee wa Mbalizi: kozi ndefu hapana, mpaka amalize kidato cha nne. Kozi fupi nirudi kuangalia ratiba karibu na wakati wake. Walinijibu kwa heshima na wakaniandikia kwenye karatasi. Kisha nikaenda kile chuo cha binafsi na maswali mawili. Namba ya usajili wakaniambia nirudi Jumatatu, mwenye faili hayupo. Jumatatu nikarudi. Mwenye faili bado hayupo. Pesa yangu iko nyumbani.

Shuleni nilirudi pia, safari hii sikwenda kwa taaluma, nilikwenda kwa mwalimu wake wa hesabu. Nikamweleza habari ya ekstensheni na waya ulioungua. Yule mwalimu, kijana mdogo sana, akacheka kwa furaha, akachukua chaki. Amekubali kumfundisha yeye na wenzake wanne Jumamosi asubuhi, saa mbili, kwa viazi debe moja kwa mwezi kutoka kwangu na wazazi wengine watoe walicho nacho. Sijaona malipo niliyoyatoa kwa moyo kama haya.

Fundi wetu nimemuuliza leseni. Hakukasirika. Alijifunza kwa mjomba wake, baadaye akafanyiwa urasimishaji wa ujuzi VETA, yaani kupimwa ujuzi alioupata nje ya darasa, akapata cheti, ila leseni ni ya mtu anayefanya naye kazi, huyo ndiye anayesaini. Amesema likizo ya Desemba binti aje naye siku tatu kwa wiki, mchana tu, nyumba ambazo umeme haujaunganishwa bado. Nimemwambia sharti langu: kila nyumba aliyoingia, arudi na hesabu ya mzigo wake kwenye daftari, na daftari lile atamwonyesha mwalimu shule zikifunguliwa. Miezi saba ya baada ya kidato cha nne tumeshaiwekea jina: kozi fupi, nimeanza kuweka elfu mbili kila siku ya gulio.

Sasa ile ekstensheni. Jirani alikuwa anachomeka birika na jiko la umeme kwa pamoja, kila asubuhi. Binti alisoma namba zilizoandikwa chini: birika wati 2,200, jiko wati 1,500. Akaketi na daftari, akakosea mara mbili, mara ya kwanza alizidisha badala ya kugawa. Mara ya tatu akapata ampea 16.1. Akaniangalia. Akasema, “Mama, plagi ni 13.” Akatoka na kanga begani, usiku, na baridi ile, akaenda kugonga kwa jirani kumwambia asichomeke vyote viwili kesho. Nilisimama mlangoni nikimwangalia na tochi ya simu.

Naomba jambo moja la mwisho. Anahitaji testa yake mwenyewe kabla ya Desemba. Nimeona za shilingi 1,000 Mwanjelwa kwenye meza za chini. Zinafaa?

---

fundi_mstaafu_Mbalizi

Hapana mama, hizo usinunue. Zile zinawaka hata zikiwa zimekufa nusu, na siku isipowaka atadhani waya hauna umeme. Ingia dukani, duka la vifaa vya umeme, uombe testa yenye mpini mzima usio na ufa, na kabla hujalipa muuzaji aijaribu kwenye soketi yenye umeme mbele yako. Akifika kazini aijaribu tena kwenye soketi inayojulikana kuwa hai, ndipo aiguse ile anayotaka kuifungua, kisha airudishe kwenye ile hai. Mara tatu, kila siku, hata kama fundi anamharakisha. Na swichi kubwa ikizimwa, fyuzi yake akae nayo mfukoni mwake yeye mwenyewe mpaka kazi iishe.

Mwambie zile 16.1 amezipata sawa. Akimaliza hiyo anitafutie hii, aandike jibu hapa: jirani akibaki na birika lile la wati 2,200, ni wati ngapi zingine anaweza kuchomeka kwenye ekstensheni ile ile bila kuvuka ampea 13?

---

mama_viazi_Uyole

Kaniambia niandike: 790.